Picha Mbichi za Bibi Wegesa

Butiama,
2 Machi 1997

Mpwa wangu Petronila,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani hata kama barua yako haiko. Sisi huku tunapumua. Mihogo imekubali, mahindi yamekataa. Mke wangu Dorotea anasumbuliwa na magoti, ila mdomo wake haujaguswa na ugonjwa wowote. Mama yako nilimkuta Buhare wiki iliyopita nilipokwenda Musoma kutafuta sabuni. Anasema magugu yamejaa ziwani hata mitumbwi inasukumwa kwa miti, na sangara wote wanaishia kiwandani, wenye ziwa wanaachiwa mapanki, yaani kichwa na mifupa. Nilimwambia ashukuru, mifupa nayo ina mchuzi.

Nimesikia kwake kwamba studio yenu hapo Dar es Salaam imeleta kompyuta ya kuhariri picha. Hongera. Mimi niliyekata filamu za serikali kwa wembe na gundi miaka kumi na tisa, mpaka tulipopunguzwa kazini na kupewa mkono wa kwaheri, sasa nakata majani ya ng'ombe. Lakini kazi haisahauliki, ndiyo maana nakuandikia.

Tarehe 16 Agosti tutakuwa na misa ya mwaka ya marehemu mama, bibi yako Wegesa. Watu wote wanaulizia ile kanda uliyompiga Juni mwaka jana, miezi miwili kabla hajatutoka. Ni kanda moja tu, hatuna nyingine. Picha nyingine ya mama iliyopo ni ya kadi ya chama, na humo amefumba macho. Tutakodi deki, televisheni na jenereta kwa yule mwenye kibanda cha video pale Bunda, tuionyeshe uwanjani baada ya chakula.

Sasa sikiliza, usije ukajifanya mjuzi kwangu. Picha mbichi hazikatwi siku ile ile zinapofika. Kwanza futa kanda, kwa kile kitambaa laini nilichokupa, maana vumbi la Mara linaingia hata kwenye yai. Pili, itazame yote mwanzo mpaka mwisho, kalamu mkononi, uandike dakika kwa dakika kilichomo. Tatu, toa nakala. Mkasi ni wa mwisho kabisa. Na kile kidude cha plastiki mgongoni mwa kaseti, umeshakivunja? Kikiwepo, mtu yeyote anaweza kurekodi juu yake.

Neno moja dogo. Zile picha za yule mgeni aliyetoka Bunda si lazima ziwemo. Mama alikuwa mgonjwa, na mgonjwa husema mengi.

Mjomba wako,
Florian Masatu


Dar es Salaam,
30 Machi 1997

Mjomba Florian,

Shikamoo, na hii hesabu kama mbili, pamoja na ile uliyoijibu kabla hujaipata. Mimi mzima, joto tu. Chumba nilichopanga kina dirisha moja na linatazama dirisha la jirani. Mpe pole Mama Dorotea kwa magoti. Nimemtumia dawa ya kuchua, iko kwenye mfuko pamoja na barua hii.

Mjomba, leo naringa, nivumilie. Bosi alileta kompyuta, na muuzaji akaja na programu mbili tuchague moja. Ya kwanza inafanya lile unalolifanya wewe kwa kalamu: unatazama kanda, unaandika namba ya dakika na kilichomo, inakutunzia orodha. Picha zenyewe zinabaki kwenye kanda. Ya pili inazimeza picha zenyewe, zinaingia ndani ya diski, unazipanga kwa vidole kama unavyopanga dagaa juani. Bosi hakuwauliza wanaume watatu waliokuwepo. Aliniuliza mimi! Nikachagua ya pili. Orodha za kuandika tumeziandika vya kutosha. Kama mashine inameza, acha imeze.

Nikaandika na utaratibu wa kanda mbichi, nikaubandika ukutani kwa herufi kubwa. Hatua ya kwanza ni neno lako: FUTA KANDA. Ya pili, rudisha mwanzo. Ya tatu, ingiza kwenye kompyuta. Niliwaambia hiyo ya kwanza ni ya mjomba wangu, wakacheka.

Sasa kuhusu mgeni. Mjomba, yule mgeni ana jina, anaitwa Gati. Mimi nilikuwa nyuma ya kamera, nilisikia. Bibi alimshika mkono akasema, "Huyu ni mtoto wa kwanza wa Florian. Amemzaa na Dorkas, na Florian anamkana. Mimi simkani. Ni damu yangu." Wewe ukatoka kwenye picha ukaenda kuangalia ng'ombe ambao hata hawakuwa wamelia. Bibi hakuwa anaweweseka. Alikuwa anajua mpaka bei ya kiberiti.

Nimekata harusi nyingi, nimewatoa walevi, nimewatoa wake wenza kwa maombi ya wahusika. Neno la marehemu sijawahi kulikata. Usinipe kazi hiyo mimi.

Mpwa wako akupendaye,
Petronila


Butiama,
20 Aprili 1997

Petronila,

Dawa imefika, Dorotea anashukuru, anasema inanuka ugonjwa wenyewe. Mvua ni za kudonyoadonyoa tu. Mama yako hajambo.

Hukunijibu kuhusu kidude cha kaseti. Na hiyo mashine yako inayomeza, mwangalie vizuri mlafi. Kinachoingia tumboni bila kutafunwa hutoka vile vile. Ingekuwa mimi ningechagua ya orodha. Mtu asiyeandika alichokiona hajui alichonacho.

Hilo jingine ni la mwaka 1972, wewe hujazaliwa. Usiliingilie. Siku ya misa Dorotea atakuwa amekaa mbele, na wanangu, na Padre. Miaka ishirini na mitatu ya ndoa siwezi kuivunja kwa televisheni ya kukodi. Sikuamuru, nakuomba kama mjomba wako aliyekufundisha kushika kamera: toa.

F. Masatu


Dar es Salaam,
22 Juni 1997

Mjomba mpendwa,

Shikamoo sana. Natumaini nyote hamjambo, Mama Dorotea na magoti yake, ng'ombe, na jirani wote. Mimi sijambo. Samahani kwa kuchelewa. Umeme ulikuwa wa kukatika, halafu kompyuta ikapata hitilafu, halafu kukawa na kazi za harusi mfululizo, nikakosa nafasi.

Kanda ya bibi iko tayari. Nimempa Mwalimu Wenceslaus anayekuja likizo Musoma, ataiacha kwa mama Buhare. Nimetoa ile sehemu kama ulivyosema. Nilipoitoa nikaona na nyingine hazina maana sana, kwa hiyo imebaki fupi, dakika kumi na moja, lakini ni nzuri. Bibi yuko jikoni na kuku.

Ilivyo fupi ndivyo watu hawatachoka. Nisalimie wote.

Petronila


Butiama,
24 Agosti 1997

Mpwa wangu Petronila,

Salamu kutoka kwa wote, hata walionuna. Misa imepita. Padre alihubiri vizuri, tulichinja ng'ombe mmoja na mbuzi wawili, watu walikula. Mama yako alikuja na sato wawili wakubwa ambao sijui aliwanyang'anya kiwanda gani. Usingekosa likizo ungefurahi. Leo sina utani zaidi ya huo.

Kanda tuliionyesha saa kumi jioni, televisheni tumeiweka ndani ya mlango wa ghala ili jua lisiipige. Kabla ya kuwasha nikamwona Gati anaingia uwanjani na mama yake. Kumbe mama yako ndiye aliyewaita. Gati alikuwa amevaa gauni jipya, na kiwiko kimoja kilikuwa bado na uzi wa fundi. Akatandika mkeka mbele kabisa, upande wa kulia wa Dorotea, wala hajui amekaa karibu na nani.

Mama akatokea. Ukweli umempiga vizuri, sauti ile ile. "Toeni hao kuku kwenye unga! Na huyu mtoto wa kamera amekula?" Watu walicheka huku wanalia. Mimi pia nililia. Halafu ikaja theluji ya kanda tupu, mwenye deki akazima.

Gati akauliza, "Imeisha?"

Mwenye deki akasema imeisha.

"Lakini mimi nilikuwepo," akasema. "Siku hiyo nilikuwaga nimekaa hapo kwa bibi, upande wa huku. Alinishikaga mkono. Mbona hatuonekani?"

Ndipo binamu yangu Makongoro, aliyekuwa ameshashiba pombe, akapaza sauti akiniita kwa jina la mwanangu wa ndoa: "Baba Alfonsi, kumbe wembe wako wa serikali haujapataga kutu!" Watu wakacheka. Petronila, walicheka wote, kasoro wanawake wanne: Dorotea, Dorkas, Gati na mama yako. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Gati alikunja mkeka wake taratibu, akampa mama yake mkono wakaondoka. Sahani zao zilikuwa zimefunikwa, hawakuzigusa. Unajua kwetu kuondoka msibani bila kula maana yake nini. Hakuna tusi linaloufikia mkono ulioacha chakula cha marehemu.

Dorotea hajaniuliza kitu. Anapika, anapakua, anakwenda zake. Ningependa anitukane.

Nimekaa siku nane nikiona lile gauni. Binti amenunua nguo ili aje asikie jina lake, na mimi nikalikata kwa kutumia mkono wako. Nimefanya vibaya. Wewe ulinikatalia vizuri, mimi nikakulazimisha, nisamehe.

Sasa nakuomba uniletee kanda yenyewe, ile mbichi, nzima, bila kugusa hata kikohozi. Nitakodi jenereta tena. Nitawaita Gati na mama yake, nitamwita Makongoro, nitakaa pale pale mbele. Mama aseme, mimi nitainamisha kichwa. Mimi mwenyewe kinywa changu hakiwezi, lakini mama akisema sitainuka.

Itume upesi, hata kwa basi.

Mjomba wako,
Florian


Dar es Salaam,
14 Septemba 1997

Mjomba,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nne. Kila mara naandika kuhusu afya yangu karatasi nzima, halafu naichana. Afya yangu ni nzuri. Kanda haipo.

Nakueleza ilivyokuwa. Ulipoandika Aprili kwamba nitoe, nilikasirika, nikaamua niiingize kwanza yote kwenye kompyuta, nzima, ili hata ukiniomba mara kumi iwe iko mahali. Ilikuwa tarehe 6 Mei. Nikaipanga mezani na kanda nyingine tatu, nikaenda kula. Tulikuwa na kijana mgeni kazini, anaitwa Kwangu, ametoka kwenye duka la kunakili kaseti za muziki. Huko kwao kanda ikifika, kitu cha kwanza ni kuifuta kilichomo ndipo wairekodi upya. Akasoma ukutani hatua ya kwanza: FUTA KANDA. Akafuta. Hakuchukua kitambaa, aliitia kwenye deki, akarekodi utupu tangu mwanzo. Nilipoingia alikuwa amefikia dakika ya arobaini na saba. Akaniambia kwa furaha, "Dada, hii moja iko karibu kuwa tayari."

Nilimpiga kofi, mjomba. Sijawahi kumpiga mtu. Halafu nikakaa chini, maana alikuwa ametii nilichoandika kwa mkono wangu. Neno lako ukiwa na kitambaa mkononi linaeleweka. Mimi niliwabandikia neno bila kitambaa.

Na kidude sikukivunja. Uliniuliza mara mbili, nikanyamaza mara mbili. Sikukisahau. Kanda zilikuwa ghali, na nilipotoka Butiama nilijisemea nikishamhariri bibi nitaitumia tena kwa harusi. Ndivyo nilivyomthamini bibi yangu. Hilo sijamwambia mtu, hata kwenye kitubio.

Orodha nayo sina. Programu ya orodha ndiyo niliyoikataa kwa maringo, na kwa kalamu sikuandika, nikijua mashine itameza. Kilichobaki ni zile dakika za mwisho, za kuku. Nikakuandikia kwamba nimetoa kama ulivyosema. Nilijificha nyuma ya kosa lako, mjomba, nikakuacha umshukuru Mungu kwamba mpwa amekutii. Makongoro alipokuaibisha mbele ya watu, aibu ile ilikuwa yangu. Wewe siku ile hukukata kitu.

Naona aibu kurudi nyumbani. Naona aibu nikipita kwenye ule ukuta, ingawa karatasi nimeibandua.

Nimetafuta la kufanya. Naweza kuja Butiama nisimame niseme nilichosikia. Lakini watasema mpwa anamsema mjomba wake, na mama atapigana na watu. Maneno ya bibi yapo kwa watu wanne tu waliokuwa pale: mimi, Gati, mama yangu, na wewe uliyejifanya unaangalia ng'ombe. Nilikuona, mjomba. Ulisimama nyuma ya ukuta wa jiko mpaka akamaliza. Ulisikia vizuri kuliko kamera.

Sina cha kukutumia.

Petronila


Butiama,
18 Oktoba 1997

Mpwa wangu Petronila,

Marahaba. Mvua zimeanza mapema na kwa hasira, njia ya Buhemba imekatika, kuna mbuzi wawili wamechukuliwa na maji. Mama yako hajambo. Nilimsomea barua yako, sikumficha. Alilia, halafu akasema umwombe Kwangu radhi kwa lile kofi. Fanya hivyo.

Nami nikwambie la kwangu kwa kuwa wewe umenieleza la kwako. Nilipofika pale ulipoandika kanda haipo, nilifurahi. Nilifurahi kabisa, nikaita chai. Nilikuwa nimeomba kanda kwa machozi, na iliposemekana haipo nikapata usingizi mzuri kuliko usiku wote tangu misa. Asubuhi nikaisoma tena, nikaona mimi ni mtu wa namna gani. Umri wangu ni miaka hamsini na saba, Petronila, na nilikuwa bado namtafuta mama anisemee.

Jumatatu nikapanda gari kwenda Bunda. Gati ana meza sokoni, anauza vitambaa vya sare za shule, anapima kwa mita. Nilizunguka meza yake mara tatu nikijifanya natafuta kamba ya ng'ombe. Mara ya nne akaniuliza, "Mzee, unanunua au unahesabu watu?" Nikasema. Nilisema chini chini, "Gati, mimi ni baba yako. Nilikukana, na nilidanganya."

Hakuinua macho. Akasema, "Rudia. Hiyo ya kwanza nilikuwa napima."

Nikarudia kwa sauti. Mteja aliyekuwa anapimiwa akaacha kitambaa. Wabeba marobota ya pamba waliokuwa wanapita wakasimama na mizigo yao kichwani. Gati akageuka nyuma akaita, "Mama, njoo. Kuna mtu ana neno." Dorkas akatoka nyuma ya turubai anafuta mikono. Sikuwa nimemtazama usoni tangu mwaka 1972. Nikasema mara ya tatu.

Dorkas akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sisi tulikuwaga tunajua. Ni wewe tu ulikuwa hujaambiwa."

Nikamweleza Gati habari ya kanda yote, kosa lako na ombi langu la mwanzo, sikuacha kitu. Nilitegemea atalia au atanifukuza. Akachukua mkasi akamalizia kitambaa cha mteja, akakikunja, akapokea hela yake. Ndipo akaniambia, "Hapa Bunda hakuna anayekujua. Ni rahisi kusema hapa. Walionicheka wako kwenu. Kaseme kwenu."

Nilirudi na maneno hayo. Nimemwambia Dorotea juzi, tukiwa tunapukuchua. Aliendelea kupukuchua mpaka ungo ukajaa, akauliza jambo moja tu, "Yule mwenye gauni jipya?" Nikasema ndiye. Tangu hapo amehamia chumba cha watoto. Leo asubuhi nimekuta ameipiga pasi shati langu jeupe la misa, sijui ana maana gani, na naogopa kumuuliza.

Kesho Jumapili, Padre akimaliza matangazo, nimemwomba nafasi. Makongoro atakuwepo, nimempitia mwenyewe kumwambia asikose. Gati hajasema kama atakuja. Nisingependa aje akute nimekaa.

Nakuandikia leo kwa sababu najijua. Nina ng'ombe wanane, na kesho kila mmoja anaweza kuugua. Gari la misheni linakwenda Musoma posta sasa hivi, dereva anapiga honi, na barua hii ikishaondoka sina tena pa kwenda isipokuwa mbele ya watu. Ikikufikia, jua nimeshasema. Ukisikia sikusema, mwambie mama yako aje anisimamishe yeye.

Na uje Krismasi. Aibu yako ilete huku, tuna yetu, utakaa nasi.

Mjomba wako,
Florian Masatu,
Baba Gati